Saa ya Chupa ya Mwisho

Mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, hapa Bombo, mji wetu wa kambi ya jeshi Uganda, kuna wanaume wanaoiaga chupa. Hawatangazi. Utamwona tu mtu aliyezoea kurudi usiku akiimba nyimbo za kwata, sasa yuko safu ya mbele msikitini, kanzu imenyooshwa, na mama yake anapita mtaani akisalimia watu kwa sauti. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka ule alikunywa kwa mara ya mwisho usiku ule ule mwezi ulipoandama, akaamka daku, akafunga. Nyumbani tulimshukuru Mungu, mama akatokwa na machozi ya furaha. Shukrani zile hazikuwa mbaya. Ila ziliwahi mno.

Sisi ni watoto wa kambini. Baba alikuwa askari, mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyehamishwa kambi hadi kambi, nasi tukakulia kwenye Kiswahili cha jeshi, Kinubi cha majirani na Kiganda cha sokoni. Kaka, kifungua mimba, alimfuata baba jeshini, akastaafu na kurudi Bombo na kiinua mgongo kidogo na kiu kali. Mimi ni fundi cherehani, banda langu linatazama barabara ya Gulu. Kaka alishinda hapo mchana kutwa, chupa ndogo ya waragi, ile pombe kali yetu, ndani ya mfuko wa koti. Vipakiti vya nailoni vya waragi vilipopigwa marufuku mwaka 2019 kuna waliodhani walevi sasa watapona. Wakahamia kwenye chupa ndogo, na wasio na pesa ya chupa wakarudi kwa waragi wa kienyeji, ule ambao sheria ya mwaka 1964 ilitaka utengenezwe kwa leseni tu na ambao mpaka leo unapikwa nyuma ya nyumba za watu wenye heshima zao.

Asubuhi kaka hakuweza kushika kikombe. Chai ilimwagika kwenye kisahani, kikombe kikagonga meno. Akishapiga mafunda mawili ya ile chupa, mikono ilitulia, na alikuwa hodari hata wa kunitungia uzi kwenye sindano, mimi mwenye macho mabovu. Wateja walicheka: "Mzee bila dawa yake hafanyi kazi." Ile haikuwa mzaha. Mtu anayelazimika kunywa asubuhi ili mikono itulie, mwili wake tayari unamdai kwa zile saa chache alizolala bila kunywa. Dalili za kuacha pombe huanza kujionyesha kabla mtu hajaamua kuacha. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, huhitaji kusubiri Ramadhani ili ujue kwamba siku atakapoacha ghafla patakuwa na kazi.

Siku ya kwanza ya funga alitetemeka tangu alfajiri. Adhuhuri kanzu ilikuwa imelowa kwapani na mgongoni, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Alikasirishwa na sauti ya cherehani, akakasirishwa na watoto, akaomba pazia lishushwe kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Alasiri akatapika, maji matupu. Sasa fikiria: ni siku ya kwanza ya Ramadhani, nusu ya mtaa inaumwa kichwa kwa kukosa chai, kila mtu ni mkali. Nani atashangaa? Mama alisema, "Ni dhambi zinamtoka." Wakati wa futari alikula tende moja, akashindwa na uji.

Usiku hakulala. Alikaa kitandani, anasimama, anakaa. Wifi alipomuuliza kulikoni, alisema kuna watu wanaongea nje ya dirisha na wanalitaja jina lake. Wifi akatoka na tochi: hakuna mtu. Kaka alikuwa bado na akili yake. Alijua yuko nyumbani, alijua siku, alijua jina la mkewe. Ila watu wa dirishani hawakunyamaza. Karibu na daku akapiga kelele moja fupi, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kuruka-ruka kama wa mtoto mwenye degedege. Ilichukua muda mfupi, ingawa kwa aliyekuwa pale ulikuwa mrefu. Kaka hakuwa na historia ya kifafa.

Kulipopambazuka tukampeleka kwenye kliniki ya karibu. Musawo pale, ndivyo tunavyomwita daktari kwa Kiganda, akauliza nini kimetokea, na mama akajibu kabla hatujafungua midomo: "Ni homa tu, mwanangu. Amefunga, na homa imempanda kichwani." Wakamtoboa kidole, kipimo kikasema malaria ipo. Akapewa dawa za malaria, akatundikiwa dripu ya sukari, tukarudishwa nyumbani. Simlaumu sana yule musawo. Aliuliza, akajibiwa. Alipewa mgonjwa mwenye jasho, kutapika na degedege, katika nchi ambayo malaria hufanya hayo yote, na mama mwenye baibui akiapa kwamba mwanawe ni mtu wa swala.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika haya. Kwetu kuna kitu kinaitwa sitara. Mtu wako akianguka, unamfunika. Hutoi aibu ya nyumba barabarani. Nimelelewa hivyo na ninaamini hivyo. Lakini sitara ina mipaka yake, na mpaka mmoja ni meza ya musawo. Swali ambalo lingemwokoa kaka adha ya siku nzima ni dogo kabisa: amekunywa lini mara ya mwisho? Ni swali la saa. Halihukumu mtu. Na mama, kwa mapenzi yake yote, alikuwa amelifungia sandukuni.

Usiku wa pili ndio uliotuonyesha. Kaka aliona siafu. Walikuwa ukutani, kwenye shuka, mikononi mwake; aliwachuna mmoja mmoja na kuwatupa sakafuni, kwa utaratibu, kama anayechambua mchele. Halafu akawa kazini. Alidai viatu vyake vya jeshi. Alimpigia saluti mtu aliyekuwa mlangoni, na mlangoni hakukuwa na mtu. Alimkemea mkewe, "Nani pale? Simama! Taja jina!" Hakumtambua. Mwili ulikuwa wa moto, jasho limetapakaa, na ukimshika mkono unasikia mapigo yanakimbizana. Anatulia robo saa, anakujibu vizuri unadhani amerudi, kisha anaondoka tena.

Mama akasema ni jini, na kwamba Ramadhani majini yamefungwa, kwa hiyo hili lazima liwe limetumwa na binadamu. Akaitwa ustadhi. Nilijiandaa kwa kisomo cha mpaka asubuhi. Ustadhi akaingia, akamtazama kaka akichuna siafu, akakaa kwenye kiti, akauliza kwa upole, "Mama, huyu aliacha lini?"

"Aliacha nini?" mama akauliza.

"Mama. Mimi ni mtoto wako. Aliacha lini?"

Mama akanyamaza. Wifi akasema: usiku wa mwezi kuandama. Ustadhi akahesabu kwa vidole. "Basi ni usiku wa tatu huu tangu chupa ya mwisho. Kuna mwingine nilimsomea mwaka juzi, ameona panya. Nilisoma, nilisoma, na alfajiri akatufia mikononi. Tafuteni gari. Nitamsomea humo humo njiani." Na kweli alipanda nasi kwenye taksi ya jirani, akasoma taratibu mpaka hospitalini, na sauti ile ilimtuliza kaka kuliko wanaume wanne waliomshika. Watu husema masheikh ndio wanaochelewesha wagonjwa. Wapo wa aina hiyo. Wapo na wa aina ile.

Hospitalini, ya serikali, kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Musawo wa zamu alimwuliza kaka maswali kwa Kiganda, kisha kwa Kiingereza: uko wapi, leo siku gani, hawa ni nani. Kaka akajibu kwa amri za Kiswahili cha kwata. Muuguzi mmoja wa makamo alirudi nyuma hatua mbili. Namwelewa. Hii ni Luwero, wilaya iliyopigwa vita vya askari miaka ya themanini. Mtu wa rika lake akisikia Kiswahili cha kufoka usiku wa manane, yanayomrudia kichwani si mazuri. Ikabidi nisimame katikati nitafsiri: anasema siafu, anasema yuko lindoni, anauliza mimi ni wa kikosi gani. Musawo akashukuru, kwa sababu mtu anayejibu kwa lugha usiyoijua hujui kama amechanganyikiwa au anakutukana tu. Kama mgonjwa wako ana lugha yake, nenda naye, usimwache peke yake na fomu.

Kisha lile swali likaulizwa. Mama alimfinya wifi pajani, niliona. Wifi akaondoa mkono wa mama mkwe wake kwa adabu, akasema, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua." Akamgeukia musawo: waragi, chupa mbili tatu kwa siku, kwa miaka, na ya mwisho ilikuwa saa mbili usiku, siku fulani. Musawo akaandika saa. Akauliza kama ameanguka akagonga kichwa hivi karibuni, maana damu ikivuja ndani ya fuvu nayo huleta degedege na kuchanganyikiwa, na walevi huanguka. Akauliza kama amewahi kuacha kabla ya hapo na nini kilitokea. Wakampima sukari, presha, joto, mapigo. Wakamtoboa kidole tena, na malaria ilikuwepo tena. "Hiyo tutaitibu," akasema musawo, "ila siyo inayomwonyesha siafu." Sehemu zetu hizi mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vya malaria kwenye damu asijue, na kipimo kikawaona. Kipimo cha malaria kikikubali hakifuti sababu nyingine.

Alinieleza baadaye, kaka alipolala, kinachotokea. Pombe hutuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku, ubongo nao hujibidiisha kwa upande wa pili ili usilale kabisa, kama mtu anayesukuma mlango ambao mwenzake ameuegemea. Siku mwenzake akiondoka ghafla, yule anayesukuma anaingia ndani kichwa mbele. Ndiyo mapigo kwenda mbio, presha kupanda, jasho, degedege, mauzauza. Ubongo unahitaji siku kadhaa kupunguza nguvu zake, na katika siku hizo mtu anaweza kufa. Kwa hiyo walimpa dawa ya kumtuliza, dayazepamu, wakawa wanarudi kumwangalia na kumwongeza kadiri hali ilivyotaka, halafu siku zilizofuata wakaipunguza kidogo kidogo. Na kabla ya dripu yoyote ya sukari alichomwa vitamini B1, ile inayoitwa thayamini. Walevi hawali vizuri, akiba ya B1 huwa imekwisha, na sukari ikiingia kwanza inamalizia kile kidogo kilichobaki. Matokeo yake ni ubongo kuumia kwa namna nyingine: macho kuchezacheza, mtu kuyumba hali hajanywa, kumbukumbu kupotea na pengine isirudi. Niliposikia hivyo nilikumbuka dripu ya asubuhi ile, nikanyamaza.

Mpangilio wa saa ndio uliobaki kichwani mwangu zaidi ya yote. Kuanzia kama saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho huja kutetemeka, jasho, wasiwasi, kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukimbia. Kuna ambao katika siku ile ya kwanza au ya pili husikia au kuona visivyokuwepo ilhali akili bado ni timamu. Hao ndio watu wa dirishani wa kaka. Degedege, likija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Na ile hali ya kupotea kabisa, ya homa na siafu na kutomjua mkeo, huanza kwa kawaida kati ya saa 48 na 96. Wengi wanaoacha hawafiki huko. Hutetemeka siku mbili tatu, wanalala vibaya, yanapita. Lakini wanaofika huko wasipotibiwa hufa wengi, na wakitibiwa mapema na vizuri wanaokufa hawafiki 5 kati ya 100. Ona sasa mtego: familia inahesabu siku ya tatu kuwa ya ushindi, "ameweza siku tatu!", na siku ya tatu ndiyo yenye kaburi ndani yake.

Watu huniuliza nitaitofautishaje na malaria. Mimi si musawo, nasema ninayoyaona. Mwenye malaria husikia baridi; anaomba blanketi juani, meno yanagongana, kisha joto linampanda, kisha jasho. Mwenye kuachana na pombe halilii blanketi, analitupa. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vimetawanyika: utaona vinacheza, na akijaribu kuvizuia vinazidi. Mwombe atoe ulimi, nao unatetemeka. Anashtuka mlango ukifungwa. Hatulii mahali pamoja. Hata hivyo dalili hizi zote zinaweza kukudanganya, hasa kwa kuwa hatua ile mbaya huja na homa yake yenyewe, na mtu anaweza kuwa na yote mawili kama kaka. Saa haidanganyi. Uliza kinywaji cha mwisho, hesabu.

Tangu wakati ule nimekuwa mtu wa kuitwa. Nimejifunza kwamba pombe haiachwi msikitini tu. Yupo dereva wa boda aliyevunjika mguu, akalazwa, na siku ya tatu akaanza kung'oa bandeji na kuagiza chapati kwa muuguzi; ndugu zake walidhani ni dawa za maumivu zimempanda. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba kitandani hakuna waragi. Yupo aliyewekwa mahabusu kwa ugomvi, na ndugu walipopeleka chakula wakaambiwa anajifanya kichaa. Yupo aliyeokoka kwenye mkutano wa injili siku ya Jumapili, na Jumanne usiku akakemewa pepo mpaka akaanguka degedege. Hospitali, mahabusu, kanisa, msiba, safari ndefu ya basi kwenda kwa watoto: popote ambapo mtu anatenganishwa na chupa bila kuulizwa, anza kuhesabu.

Aliyenisumbua zaidi ni bibi mmoja wa upande wa Luwero mjini, mpishi wa waragi. Alisomesha watoto kwa pipa lake. Kila mpishi huonja, na miaka thelathini ya kuonja si kuonja tena. Binti yake, mwanamke wa ofisi, akamchukua kwenda kuishi naye Kampala, nyumba nzuri, na ndani hakuna hata bia. Bibi akaanza kutetemeka. Wakasema uzee. Akawa halali, anazungukazunguka sebuleni usiku akitafuta kuni za kuchochea moto. Wakasema ndio akili za kizee zinaanza. Binti alinipigia simu ili nimshonee mama yake magauni mapana ya kukaa ndani, na katika kuzungumza akaja kwenye zile kuni. Nikamuuliza mama amefika lini. Juzi. Nikamuuliza lile swali langu, akakata simu kwa hasira: mama yangu si mlevi. Baada ya dakika chache akapiga tena. Alipona, alhamdulillahi, na alirudi kwake. Wanawake wanaokunywa ndio sitara yao nzito kuliko zote. Mlevi wa kiume ana angalau marafiki wa kumcheka na kusema ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo rafiki wa kaka, askari mwenzake, alilisema usiku ule na mama akataka kumpiga kwa kandambili: "Mpeni glasi moja, atatulia." Nilimuuliza musawo nikitarajia acheke. Hakucheka. Alisema kwa mtu aliyezoea sana, ambaye hayuko karibu na dawa, kuacha ghafla ni hatari kuliko kupunguza taratibu kwa siku nyingi, kwa hiyo mtu wa namna hiyo asikurupuke kuacha kabla hajaonana na mhudumu wa afya. Lakini ambaye tayari amepagawa, anatapika au ameanguka degedege, usimmiminie kitu mdomoni, iwe waragi au uji, kitaingia mapafuni. Huyo ni wa hospitali. Nikamrudishia yule askari jibu, akafurahi kwa ile nusu iliyomhusu.

Na wakati gari inatafutwa? Taa iwake, kwa sababu giza huongeza mauzauza. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye, wengine watoke. Usibishane naye kuhusu siafu, wala usimwambie unawaona. Mwambie uko naye na kwamba yuko nyumbani. Kama akili bado imetulia na anameza vizuri, maji kidogo kidogo, na funga hapo haimhusu tena, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'ani yenyewe alipe siku nyingine. Degedege likija, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kugonga, usimtie kijiko mdomoni. Usimfunge kamba. Nimeona mtu aliyefungwa kamba kwenye mti wa mwembe na watu wenye nia njema. Akipambana na kamba mwili unazidi kupanda joto na moyo unazidi kukimbia, na ndivyo wengine wanavyokufa. Ukiweza kuchagua pa kwenda, kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali. Vile vya chini huenda visiwe na dawa ya sindano. Beba na pesa kiasi. Matibabu ya serikali ni bure, ila dawa ikiisha stoo utaandikiwa ukanunue nje.

Kaka alirudi kwenye chupa. Si mwaka ule, mwaka uliofuata, baada ya msiba. Alipotaka kuacha tena, mama alisema safari hii ataweza kwa kuwa alishaweza. Kumbe ni kinyume: musawo alikuwa ametuambia kwamba kila kuacha ghafla huelekea kuwa kubaya kuliko kulikotangulia, na aliyewahi kupata degedege yuko kwenye hatari ya kulipata tena. Kwa hiyo safari hii alikwenda hospitali angali anakunywa. Tukaandikiwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala. Jina hilo kwa Mganda yeyote ni tusi. Watoto wanatukanana nalo shuleni, na kaka alisema afadhali afie lindoni kuliko kupelekwa kwa vichaa. Hospitali ile ipo tangu mwaka 1955 na ina kitengo chake cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, watu wa kila namna, walimu, mawakili, askari kama yeye. Alikuta huko afande wake wa zamani. Hilo lilimfanyia kazi kuliko maneno yetu yote. Alipewa vidonge kwa mpango, kila siku vikipungua, na vitamini yake, na siku ile ya tatu ilipita akilalamikia maharage.

Ambacho hatukuambiwa vya kutosha ni miezi iliyofuata. Tetemeko liliisha, jasho liliisha, ila usingizi ulikataa kurudi. Alikaa mlangoni saa tisa usiku. Akawa na huzuni isiyo na sababu, hasira ya haraka, na sisi tuliotegemea furaha tukachoka naye. Wifi siku moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mlevi alikuwa rahisi kuishi naye. Si la kuonea haya, ndivyo ilivyo. Ilimchukua muda mrefu kabla hajalala usiku kucha, na kila mwezi aliendelea kwenda kuonana na mshauri na wenzake walioacha.

Sasa anakuja bandani asubuhi, anakunywa chai kwenye kikombe kilichojaa, ananitungia uzi. Wageni kutoka West Nile wakija na kuuliza habari za ule ugonjwa, mama huwahi kujibu: ilikuwa malaria, malaria mbaya sana. Kaka humwachia amalize. "Malaria ilikuwepo, mama hasemi uongo," huongeza, kisha humgeukia mgeni, hasa akiwa ni mwanamume ambaye mikono yake kaka ameshaitazama, na kumuuliza yeye asubuhi hii amekunywa saa ngapi.